Mulipima ikiwa imelala?

Tulikuwa wanaume watatu, diploma tatu, laptop mbili, na emeteri moja, ile mashine ya kurusha matangazo ya radio, iliyokataa kuongea.

Ilikuwa siku ya nne. Radio ndogo ya mtaa, huku Goma, upande wa Ndosho, jina naliacha juu (yaani kwa sababu) wenyewe wananisoma hapa na aibu walishaona ya kutosha. Hiyo emeteri yao ni ya wati 30. Ukiiwasha taa ya kijani inakuja, feni inazunguka, unasema aah leo imekubali, alafu ukifungulia nguvu tu, tak, inazima. Unawasha tena. Tak. Mkurugenzi amesimama mlangoni anaangalia simu kila dakika mbili, kuna pasta mmoja alishalipa saa yake ya jioni na alikuwa anapiga bila kuchoka.

Sisi wataalamu tulishakata shauri. Transista ya mwisho imeungua, kadi ya nguvu imekufa, inunuliwe mpya. Tulishamwandikia muuzaji huko Uchina, bei tukapata, na usafiri mpaka Kampala, na kutoka Kampala na basi mpaka huku, na mwenzetu mmoja alikuwa tayari anaandika ripoti, ile ripoti nzuri yenye utangulizi na mapendekezo.

Mkurugenzi bila kutuuliza akaita binti mmoja wa Birere.

Miaka 22, labda 23. Ana kibanda cha kuchaji masimu na kutengeneza maposti, yaani radio za nyumbani. Alikuja na mfuko wa plastiki, ndani mita ya njano ya kupimia umeme, ya bei ya chini, waya wake mmoja umefungwa na skochi. Akasalimia vizuri, "jambo yenu bapapa," akachuchumaa mbele ya mashine kama mtu anaangalia kuku mgonjwa.

"Umeme inafika muzuri hapa?"

Nikamjibu mimi, na ile sauti naikumbuka mpaka leo inanikera: "Tulishapima, dada. Volti 12.3. Upande huo hakuna shida."

"Mulipima ikiwa imelala?"

Sikuelewa swali. Ngoja niseme ukweli wote: sikuelewa swali na nikatabasamu kama vile yeye njo (ndiye) hakuelewa.

Akagusisha nyaya za mita kwenye mlango wa umeme wa emeteri, akamwambia mkurugenzi awashe. 12.3. Feni ikaanza, 12.1. Nguvu ikafunguliwa na sote watatu tuliona namba zikianguka kama mtu ameteleza kwenye ngazi: 11, 10, 9.5. Tak.

"Haina njaa ya kadi hii," akasema. "Iko na njaa ya umeme."

Waya wa taa

Kilichotokea ni kitu kidogo cha kijinga. Wiki tatu kabla, batri zilihamishwa kwenye chumba cha nyuma kwa kuogopa wezi, mita kumi hivi kutoka kwa mashine, na aliyezihamisha alitumia waya aliokuta nyumbani, waya wa kufungia taa, ule mwembamba wa milimeta mraba 0.75. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuufuata huo waya kwa macho, tuliangalia skrini.

Usiku nikakaa na karatasi. Kila mita ya shaba yenye unene wa milimeta mraba moja ina rezistansi ya karibu omu 0.0175. Mita 10 za kwenda na 10 za kurudi, ni 20. Gawanya na 0.75, unapata kama omu 0.47. Mashine ikifanya kazi inavuta ampea 6 hivi. Sita mara 0.47 ni volti 2.8. Toa kwenye 12.3.

9.5.

Namba ileile ya mita yenye skochi. Nilikaa naiangalia ile karatasi muda mrefu.

Na kwa nini sisi tulipata 12.3? Juu tulipima mashine ikiwa imezimwa. Mita haivuti chochote cha maana, na kama hakuna mkondo unaopita, waya mwembamba na waya mnene vyote vinaonekana vizima. Ni kama robine za mtaani kwetu: imefungwa, bomba limejaa mpaka linatoa jasho, unasema leo maji yapo, fungua sasa, matone manne. Kila mama wa Goma mwenye bido tatu za maji kwenye foleni anaelewa hiyo fizikia. Mimi nina diploma yake.

Tulinunua waya wa milimeta mraba 6. Hasara ikashuka mpaka volti 0.35. Saa kumi na moja na dakika arobaini radio ikarudi hewani, pasta akapata saa yake, na ile ripoti mwenzetu akaifuta bila kusema kitu.

Ilinifuata mpaka kitandani

Nilijaribu kujifariji. Nikasema tulikuwa na haraka, nikasema hatukuambiwa waya umebadilishwa, nikasema kila mtu anakosea. Lakini jambo lilirudi kila siku, naoga linarudi, niko kwenye pikipiki naenda kazini linarudi, na lilikuwa swali moja tu: kama hesabu niliijua, kwa nini haikunijia?

Na niliijua kabisa! Sheria ya Ohm nilifundishwa mwaka wa kwanza, nikarudishiwa wa pili, mtihani nilipata 16 juu ya 20. Ukiniamsha usiku wa manane nitakuambia V ni R mara I, volti ni rezistansi mara mkondo. Lakini naona sasa niliijua vile watoto wa misa wa zamani walijua Kilatini, wanaitika vizuri, mahali pa kuitikia wanapajua, na hakuna siku moja walinunua nyanya kwa Kilatini.

Pale nilipopitia, shule siitaji na haina maana kuitaja juu wasomaji wengi mtasema ni yenu, maabara ilikuwa na kabati. Ndani ya kabati osiloskopu mbili, zile mashine za kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini. Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja. Kabati lilifunguliwa wageni wakija, zinapanguswa vumbi, zinawekwa mezani, wageni wanapiga picha, zinarudi. Sisi mawimbi tulichora kwa rula kutoka kwenye silabusi, kile kitabu cha masomo ya mwalimu, cha kununua bila shaka, usiponunua jina lako linaonekana. Wimbi langu lilikuwa zuri sana. Nilitumia kalamu mbili za rangi.

Sisemi hili kulaumu walimu, wengine walikaa miezi bila mshahara na bado walikuja. Nasema tu njo vile nilifika kuwa injeniere bila kuwa nimewahi kuunguza kitu.

Kitu kilifunga mdomo

Baba alikuwa na posti. Transista, ya ngozi kahawia yenye matobo madogomadogo, na mawe manne makubwa ndani, yaani betri (huku kwetu mtu akisema anatafuta mawe ya radio na amesimama juu ya lava, mgeni anashangaa). Ikiharibika Baba alifungua mgongo wake mezani na sisi watoto tunakaribia na taa.

Na ndani kulikuwa na kitu cha kuona! Ile fimbo nyeusi ya feriti yenye waya mwekundu uliozungushwa, hiyo njo inashika mawimbi. Vile viboksi vya chuma vyenye vichwa vya rangi, njano, nyeupe, nyeusi, ambavyo baadaye nilikuja kujua vinachuja kilohezi 455, juu radio za namna hiyo zinachukua stesheni yoyote unayotafuta na kuishusha kwenye masafa hayo moja ndipo ziikuze. Baba hakujua hiyo 455. Lakini alijua ukigeuza kile kichwa cha njano bila alama umeharibu posti, alafu alijua kufuata sauti kwa kidole chenye mate, anagusa hapa spika inanguruma, anagusa pale kimya, basi ugonjwa uko katikati. Na kwenye mfuniko wa nyuma, kwa nyingine, mchoro mzima wa umeme ulikuwa umebandikwa. Kiwanda kilikuwa kinakuambia: siku moja utafungua, ramani hii.

Transista yenyewe, kile kipande kidogo cha ndani kinachokuza sauti, ilizaliwa Marekani mwaka 1947, na 1954 posti ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani, Regency TR-1, ilikuwa na transista nne. Nne tu. Mtoto anazihesabu kwa vidole na kidole kimoja kinabaki. Mwaka 1983 Philips walitoa TDA7000, radio nzima ya FM karibu yote ndani ya kipande kimoja cha plastiki chenye miguu 18. Leo fungua radio ya dola tano kutoka sokoni Virunga, ile yenye mlango wa fleshi na kadi, utakuta tone jeusi la gundi. Ndani ya tone njo kuna kila kitu. Halina jina, wala namba, wala mchoro.

Sasa utamfundisha mtoto kusoma nini hapo?

Kwa hiyo wazee wakisema vijana wa siku hizi ni wavivu nawaambia polepole, papa. Kitu chenyewe kilifunga mdomo. Na bei nayo: nani atalipa fundi franga 5,000 kutengeneza posti ya franga 14,000? Watu wanatupa. Fundi anakosa mgonjwa, na fundi asiye na mgonjwa mkono wake unasahau.

Swali nilirusha kwenye grupu

Tuna grupu la WhatsApp la mafundi na mainjeniere wa maradio, Goma, Bukavu, wengine Beni na Butembo. Usiku mmoja nikarusha swali, sikusema ni mtego: nina batri ya volti 12, nataka kuwasha taa ndogo moja nyeupe ya LED, inataka volti 3 na miliampea 20, niweke rezistansi gani?

Hesabu ni mstari mmoja. 12 toa 3 ni 9. Gawanya na 0.02. 450, dukani unachukua 470.

Wa kwanza: "inategemea na marki." Wa pili alitaka picha ya batri. Wa tatu akasema nunua taa ya volti 12 moja kwa moja, ushauri mzuri lakini sikuuliza hivyo. Mmoja wa Butembo: "weka 1 K itawaka tu," na kweli itawaka, miliampea 9, hafifu kidogo, kusema haki huyu njo nilimheshimu juu alijibu kama mtu aliyewahi kufanya. Alafu akaja mmoja na jibu refu kama barua ya askofu, lenye vichwa na nukta, limetoka kwa roboti linaonekana, na ndani yake 450 imeandikwa sawasawa. Nikamwuliza: sawa mukubwa, uko na kopo la rezistansi mbele yako, utachukua yenye rangi gani?

Kimya. Alama mbili za bluu, alikuwa amesoma.

Njano, zambarau, kahawia, njo mistari ya rangi ya 470.

Na sasa sehemu ambayo sikuiandika kwenye grupu. Kabla ya kurusha swali nilikuwa nimehakikisha jibu kwenye simu. Mara mbili. Mstari mmoja wa hesabu ya mtoto wa sekondari, na mimi moyo unadunda kidogo nisije nikakosea mbele ya watu. Hizo rangi nazo nilizitafuta.

Lakini ngoja

Hapa njo nilikwama kama wiki mbili, na makala hii ingekuwa fupi kama nisingekwama.

Juu kuna sauti nyingine inasema: na kwa hiyo? Daktari hatengenezi vidonge. Dereva wa basi la Butembo hajui pistoni inayeyushwaje. Kila kizazi kinalia kwamba kinachofuata hakijui kitu. Marekani huko, wapenzi wa radio walikuwa hawapati leseni ya masafa mafupi bila kujua Morse, mwaka 2007 serikali ikafuta hilo sharti, na wazee wakalia kwamba radio imekwisha. Haikuisha. Watu wakaendelea kuongea.

Alafu kuna kijana mmoja huku Himbi, mwanafunzi wa informatiki, ana kale kafleshi ka kupokea mawimbi, kadogo kama kidole gumba, unakachomeka kwenye laptop na programu inafanya kazi yote ambayo zamani ilitaka sanduku zima la viboksi vya rangi. Alinionyesha ndege. Ndege zinatangaza mahali zilipo kwenye megahezi 1090, na huyu mtoto alikuwa amejiandikia programu yake ya kuzichora juu ya ramani ya ziwa. Mimi hiyo programu siwezi. Nilisoma mistari kumi ya kwanza nikakohoa.

Shida yake: ndege alikuwa anapata moja moja, za karibu tu. Nikaangalia anteni yake. Ile ya kuvuta, ameivuta yote, karibu mita nzima, anafikiri ndefu ni nzuri. Kwa mara ya kwanza katika mwezi ule hesabu ilikuja yenyewe bila kuitwa: 300 gawanya na 1090, wimbi moja lina mita 0.275, robo yake sentimeta 7 hivi. Nikamwambia iingize ibakie kama kidole cha kati.

Ndege zikaongezeka kwenye skrini, hata moja iliyokuwa mbali sana upande wa Uganda.

Lakini kilichonigusa ni alichosema baadaye. Hakusema asante. Alisema: "Juu ya nini saba, yaya?" Yaani kwa nini saba, kaka?

Kwenye grupu letu lote, siku ile ya LED, hakuna mtu aliyeuliza juu ya nini.

Basi sikuweza tena kusema vijana hawajui, wala kusema haina maana. Binti wa Birere ni kijana. Wa Himbi ni kijana. Asiyejua kwenye hadithi hii ni mimi, mwenye miaka thelathini na nane na kofia ya kazi yenye nembo.

Na kuhusu lile "na kwa hiyo", nitasema kitu kimoja tu. Ile wiki ya mwisho ya Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mliokuwa hapa hamna haja nieleze. Umeme hakuna, maji hakuna, intaneti hakuna. Jirani yangu aliyekuwa ananicheka kwamba nalimbikiza vitu vya zamani alikuja mlangoni na posti ya marehemu mama yake, hailii, akaniomba niiangalie. Niliifungua, nikaitazama, nikaifunga. Nikamwambia imekufa. Leo najua sikupima kitu chochote. Labda ilikuwa kutu tu kwenye chuma cha mawe, inakwanguliwa na kisu. Alikaa siku zile zote hasikii habari, na mimi nilikuwa njo injeniere wa parseli, wa kiwanja chetu.

Radi na lava

Turudi Ndosho, juu ile siku haikuisha na waya.

Binti alipomaliza alizunguka nje, akaangalia mlingoti wa anteni, akauliza: "Na masi iko wapi?" Masi njo chuma cha kupeleka umeme wa radi ardhini. Tukamwonyesha. Nondo ya nusu mita imesukumwa katikati ya mawe mawili ya volkano, imefungwa na waya wa kutu. Akaivuta kwa mkono mmoja. Ikatoka.

Hapa wasiojua Goma waniruhusu. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya lava, na lava iliyokauka inapitisha umeme vibaya sana, unaweza kupigilia chuma mpaka utoe jasho na bado ni kama umekipigilia kwenye sahani. Na radi tunazo. Watafiti walipopanga sehemu za dunia zinazopigwa na radi kwa vipimo vya setelaiti, Kabare, hapo karibu na Bukavu, ilitoka ya kwanza Afrika, na ya pili duniani nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: mimweko 205 hivi kwa kilometa mraba kila mwaka. Sisi tunakaa hapa, tunasimamisha vyuma vya mita 30, na tunavifunga kwenye sahani.

Yeye alikuwa na dawa yake. Alirudi siku umeme wa mtaa ulipokuwepo, na globu ya wati 60, ile ya zamani. Waya mmoja kwenye fasi, ule wenye umeme, mwingine kwenye masi mpya aliyoichimbia. Ikiwaka vizuri masi ni nzuri, ikififia ni mbaya, njo vile baba yake alimfundisha. (Msijaribu nyumbani. Alikuwa na kandambili miguuni na mimi nilifunga macho.) Globu ikawaka. Akafurahi, akaanza kukunja vitu vyake.

Na hapo kitu kikanikuna. Nikamwambia dada, ngoja kidogo. Nikachukua kalamu.

Globu ya wati 60 kwenye volti 220 yenyewe ni omu 807 hivi. Tuseme masi ina omu 100, ambayo ni mbaya, wengi wanatafuta 10 au chini. Ukiziunganisha moja nyuma ya nyingine, globu bado inapata volti karibu 195. Kwa jicho tu ni vigumu kuona tofauti. Yaani globu inakuambia kama masi ipo, haikuambii kama inatosha. Na radi ya kawaida inakuja na ampea 20,000, 30,000. Elfu ishirini mara omu 100 ni volti milioni mbili zinazotafuta njia, na njia iliyo karibu ni emeteri.

Alisoma karatasi pole pole, mdomo unatembea. Akarudia hesabu ya globu mwenyewe kwenye simu.

"Kumbe baba alikuwa anajidanganya."

"Hapana, globu ilikuwa inamwambia nusu."

"Na hii karatasi, mulikuwa nayo siku zote?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa kwa nini ile siku ya kwanza hamukuitumia?"

Sijui kama mmewahi kuulizwa swali na mtu ambaye hana nia mbaya hata kidogo. Ni mbaya kuliko matusi.

Tulichimba. Siku mbili, vijana sita, mitaimbo. Lava huiendei chini, unaizunguka: mfereji mrefu wa kulala, mita 15, shaba ndani yake urefu wote, udongo mweusi ulioletwa na kamioneti kutoka upande wa Rutshuru, makaa yaliyosagwa, na kila jioni mlinzi anamwagia maji. Alafu mlingoti, emeteri, batri, meza ya sauti, vyote vikafungwa kwenye sehemu moja, ili radi ikija vyombo vyote viinuke na kushuka pamoja kama mitumbwi kwenye wimbi moja. Hiyo ya sehemu moja niliitoa kwenye silabusi yangu ya zamani. Nilipuliza vumbi, nikaikuta ukurasa wa nyuma, chini ya ule mchoro wangu wa kalamu mbili.

Kipimo halisi cha masi hatuna, kile kifaa ni ghali. Mvua kubwa zimepita tatu. Emeteri inalia bado.

Jumamosi

Sasa Jumamosi asubuhi naenda Birere. Nilimwomba nije kukaa, akadhani natania. Kuna kibao cha mbao, kuna ndoo ya maposti yaliyokufa ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua, na kuna sheria moja aliyoniwekea, kutogusa la mteja mpaka nimefufua matano ya kwenye ndoo. Mimi namletea hesabu anazouliza. Wiki jana alitaka kujua kwa nini kondensateri inapitisha sauti lakini inazuia volti ya batri, nikaanza na integrali, akaniambia papa injeniere rudi nyuma, nikarudi nyuma, nikagundua na mimi sina mahali pa kusimama huko nyuma. Tulimaliza na ndoo mbili za maji na mpira wa ndala katikati. Bado sina uhakika kama mfano wangu ulikuwa sawa.

Eteni, ile madini ya kuyeyusha ya kuunganishia nyaya, nachoma vibaya. Vidole viwili vina malengelenge, mke wangu anauliza kama nimeanza kuuza sambusa.

Ya ndoo nimefufua mawili. La tatu lilikuwa limefika mbali kabisa, linanguruma, nimeshapata stesheni moja kwa mbali, alafu nikakata waya ambao haukuwa wake na likanyamaza. Binti alikuwa anahudumia mtu wa simu, hakugeuka hata kichwa.

"Umekata wa feriti?"

"Nadhani."

"Nyaya zake ni nyembamba kama nywele, kwangua rangi kwanza, la sivyo eteni haishiki."

Nimeliacha kwenye kibao na kikaratasi cha jina langu. Na jirani yangu nimemwuliza kama ile posti ya mama yake bado anayo. Amesema ilitupwa, lakini ataangalia kwenye depo.